Nani kakwambia uache dawa?

Kimashine cha kupima sukari kikalia, sista akakiangalia, akakiangalia tena, kisha akakigeuza ili na sisi tuone.

21.8.

"Mama, umekula nini leo asubuhi?"

Khalati, dada yake mama, akasema hajala kitu. Na kweli hakuwa amekula, mimi ndiye niliyempitia kwake Langoni saa moja asubuhi tukaja zetu kwa miguu pole pole, punda kakataa kumpanda ("mimi si gunia la saruji"), na kila baada ya milango miwili mitatu anasimama kunywa maji kwenye chupa. Wiki mbili nzima alikuwa hivyo, kiu haimwishi, usiku anaamka mara nne tano kwenda chooni, na mato (macho), kama asemavyo mwenyewe, yameingia ukungu.

"Dawa unakunywa?"

"Nilikuwa nikinywa."

"Umeacha lini?"

"Yapata wiki tano."

Sista akaweka kalamu chini. "Nani kakwambia uache dawa?"

Khalati akashika ncha ya mtandio wake, akaikunja, akaikunjua. "Watu," akasema. "Watu wasema."

Watu ni mimi.

Na nilikuwa nimekaa pale pale, kiti cha pili, naangalia sakafu.

## Ilivyoanza

Miezi miwili kabla ya hapo, usiku, umeme umerudi baada ya kukatika tangu magharibi, bando langu linaisha saa sita na MB bado nyingi, nikawa nasoma soma ovyo ili zisipotee bure. Nikaikuta makala ya Kizungu kuhusu mdalasini na sukari. Imeandikwa vizuri, lugha safi, haipigi kelele, hakuna herufi kubwa nyekundu wala "sambaza kabla haijafutwa". Zile za kelele mimi nazijua, kwenye grupu letu la familia mimi ndiye niliyekuwa nikiwakemea wenzangu wanaozileta. Hii ilikuwa na daktari juu kabisa, picha yake na koti jeupe, ilikuwa na mhuri chini, na katikati imetaja utafiti, mwaka na idadi ya watu.

Nikaitafsiri. Nusu saa nzima, nikitafuta na maneno mazuri mazuri. Nikaitupa kwenye grupu, watu arubaini na kitu, nusu wako hapa Lamu, wengine Malindi na Mombasa, mmoja Jeddah. Zikaja shukrani, "Allah akujaze", "ndiyo faida ya kusomesha mtoto". Nikalala nimeridhika.

Khalati hasomi simu. Mjukuu wake humsomea, na akimsomea humwambia nani kaleta.

Mimi sikumwambia aache dawa. Nataka hili lieleweke, halafu nataka pia mlisahau, manake kila nikilisema nasikia sauti ya mtu anayejitetea.

## Nikaisoma tena

Tulipotoka kliniki nilimfikisha kwake, nikarudi nyumbani, nikaitafuta ile makala. Nilitaka kuikuta ni ya kijinga. Ingenisaidia sana kama ingekuwa ya kijinga.

Nikaanza na daktari. Wa hapa kwetu ni rahisi, lile baraza la madaktari la Kenya, KMPDC, lina orodha ya wenye leseni na yeyote anaweza kutafuta jina kwa simu yake. Huyu ni wa ng'ambo, ilinichukua siku mbili, na nilipompata kumbe udaktari wake ni wa kunyoosha migongo. Si aibu kunyoosha migongo. Lakini fundi wa jahazi humpi mlango akuchongee nakshi kwa sababu tu naye anashika mbao.

Mhuri nao. Ule mhuri ulikuwa wa shirika moja la Geneva, Health On the Net, walianza kuutoa 1996, una kanuni nane, mambo kama nani kaandika, habari imetoka wapi, nani analipa. Kazi nzuri. Ila mwaka 2022 shirika lenyewe lilifunga, mhuri ukabaki umeganda kwenye kurasa za watu kama kibao cha duka ambalo mwenyewe keshahama. Na mimi niliuona, nikauamini, bila hata kujua ni mhuri wa nani.

Halafu mwisho kabisa kulikuwa na kopo. Vidonge vya mdalasini, bei kwa dola. Naapa mara ya kwanza sikuliona. Au niliona na macho yakaruka, si unajua macho yalivyozoea kuruka matangazo.

Hayo yote bado hayakuninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni ule utafiti, manake ni wa kweli.

Ulifanywa Pakistan, ukachapishwa 2003. Watu 60 wenye kisukari aina ya pili, baadhi wakapewa mdalasini, gramu 1 au 3 au 6 kwa siku, kwa siku 40, na wale wa mdalasini sukari yao ilishuka, asilimia 18 mpaka 29. Makala haikudanganya hata namba moja. Lakini nikaufuata utafiti wenyewe, unasomeka bure, nikafika pale wanapoeleza walichagua watu wa aina gani, na pale pameandikwa kwamba wagonjwa walikuwa wakitumia dawa zao za sukari, na dawa hizo hazikubadilishwa muda wote wa utafiti.

Hakuna aliyeacha.

Nilikaa na sentensi hiyo kama nimeshikwa shati. Yaani hata tukikubali kwamba mdalasini uliwafaa, uliwafaa juu ya dawa. Hakuna mtu pale aliyeuliza itakuwaje ukiuweka mahali pa dawa. Swali hilo nililijaribu mimi, kwa khalati yangu.

Na kuna la zaidi. Wale wa Cochrane, kazi yao ni kukusanya tafiti zote za jambo moja na kuzipima pamoja, walilitazama suala la mdalasini mwaka 2012. Tafiti 10, watu 577. Wakasema ushahidi hautoshi kuunga mkono kuutumia kwa kisukari. Makala yangu ilikuwa na tarehe ya 2019. Miaka saba mwandishi alikuwa nayo ya kuliona hilo, akachagua ule mmoja wa watu 60.

Nilipomweleza khalati akaniuliza, "Kwa hivyo haufanyi kazi?" Nikajikuta sina jibu fupi. "Haijathibitika" si "haufanyi". Akaniangalia kama anavyowaangalia watu wa kaunti wakija kueleza kwa nini maji hayajatoka.

## Unaweza

Sasa nije kwenye kosa langu mwenyewe, hayo ya juu ni ya watu.

Kizungu cha makala kilikuwa na shaka ndani yake. Kaneno kadogo tu, lakini kapo, karibu kila aya. Mimi nikaandika "mdalasini unaweza kushusha sukari".

Iseme kwa sauti uisikie. Unaweza. Huyu kijana anaweza kubeba magunia mawili, punda huyu anaweza kufika Matondoni bila kupumzika. Sisi tukisikia "anaweza" tunasikia nguvu. Shaka hatuisikii kabisa. Neno nililolihitaji ni "huenda". Huenda ukasaidia kidogo. Lakini huenda ina ubaridi, nani anafowadi huenda? Nilikuwa nataka watu wasome mpaka mwisho.

Kisha mtoto, ana miaka kumi na mbili, akamsomea bibi yake kwa kufupisha kama watoto wanavyofupisha: "Nana, mdalasini washusha sukari."

Huenda, unaweza, washusha. Hatua mbili tu hizo, na kila aliyezipiga alikuwa na nia njema.

Na nilikata sentensi. Chini kabisa ya makala, kwa maandishi madogo, ilisema usibadilishe dawa zako bila kuongea na daktari wako. Nikaona ah, haya ni yale maneno ya kisheria, wanaandika ili wasishtakiwe, na posti ishakuwa ndefu. Nikaikata. Sentensi ya pekee iliyomhusu khalati moja kwa moja, mimi nikaiona urefu.

## Barazani

Wiki ya tatu nikaenda kukaa na mwalimu aliyenisomesha chuo cha Qur'ani. Baada ya laasiri huwa hakosi baraza yake, kahawa ipo, wazee watatu wanne wapo. Nikamweleza kisa, nikasema ni cha rafiki yangu.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyo rafikiyo aliipokea kwa nani?"

"Kwa daktari mmoja, aliandika."

"Na daktari aliipokea kwa nani?"

"Kwa utafiti."

"Aliusoma, au aliusikia?"

Hapo sikujua. Mwalimu akacheka kidogo. "Nyinyi mwasoma matini, isnadi mwaitupa. Sisi mtu akituletea hadithi ya Mtume, kabla hatujasikia yasema nini twamuuliza, nani kakupa, na aliyekupa nani kampa, mpaka mwanzo. Pakikatika hapo katikati, imekatika."

Mambo haya nilisoma kwake nikiwa mtoto, nikafaulu, nikayaweka kabatini pamoja na cheti. Akaendelea, na hili ndilo lililonichoma: mpokezi dhaifu si lazima awe mwongo. Watu wengi walioitwa dhaifu walikuwa wacha Mungu, wakweli, wanaswali usiku. Ila hifadhi yao mbovu. Wanapunguza neno hapa, wanaongeza pale, wanachanganya. Kwa hivyo wanaheshimiwa, wanaombewa dua, na hadithi zao zinawekwa kando.

Nikanywa kahawa. Huyo aliyekuwa akielezwa ni mimi, kila kitu isipokuwa kuswali usiku.

Mzee mmoja pembeni hakukubaliana. Yeye mdalasini anatumia na unamfaa, kisa cha nini isnadi, yeye si shahidi? Ubishi ukachemka. Mwingine akamkumbusha Loliondo, 2011, kikombe cha dawa cha Babu Ambilikile Mwasapila pale Samunge, shilingi mia tano za Tanzania, watu kwa maelfu, wenye nacho wakaenda kwa helikopta, na waliorudi wakiapa wamepona hawakuwa waongo. Walijisikia nafuu kweli. Mtu aliyetoka safari ngumu kama ile akiwa na tumaini, atakosaje kujisikia nafuu? Lakini kujisikia ni jambo moja na kimashine ni jambo jingine. Khalati naye wiki ya kwanza bila vidonge alisema anajisikia mwepesi.

Mzee akarusha la mwisho, dawa za hospitali ni kemikali tupu, mdalasini ni mti wa Mungu. Hapo nilikuwa na jibu, nilikuwa nimesoma usiku mzima. Metformin, vile vidonge vyeupe anavyomeza nusu ya mtaa, chanzo chake ni mmea, galega, unaota Ulaya. Mmea mtupu una sumu, wakautafuta uliko uzuri wake wakautengeneza upya, na mwaka 1957 daktari wa Kifaransa, Jean Sterne, akatangaza matokeo ya kuutumia kwa wagonjwa wa sukari. Kwa hivyo mti hata huko upo. Tofauti ni kwamba ule umepimwa, inajulikana ni miligramu ngapi na nani asipewe. Huu wa kwangu niliandika "kijiko kimoja", sikusema hata kijiko cha chai au cha kulia, na kuna mdalasini wa aina ya kasia ambao ukila mwingi kila siku unaweza kuumiza ini. (Hapo "unaweza" nimeitumia makusudi.)

Mzee akasema Wafaransa nao. Wakacheka wote, ikaisha.

## Isnadi nzima, habari mbovu

Niliondoka pale najiona nimepata dawa. Fuata mnyororo mpaka mwanzo, basi. Usiku nikakumbuka Wakefield, raha ikaniisha.

Februari 1998, daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, na wenzake 12, waliandika kwenye jarida la Lancet, jarida la tangu 1823, kuhusu watoto 12, wakaihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Tafuta isnadi yake: daktari kweli, hospitali kweli, jarida kubwa, majina 13. Hakuna palipokatika. Mtu wa kawaida angefanya ukaguzi wote nilioufanya mimi na angesema sahihi, na wengi walisema.

Ilibidi mwandishi wa habari, Brian Deer, achimbe miaka, ndipo ikajulikana kwamba Wakefield alikuwa akilipwa na mawakili waliokuwa wanataka kuwashtaki watengeneza chanjo, na kwamba habari za wale watoto hazikulingana na rekodi zao. Wenzake 10 walijitoa kwenye ile tafsiri ya matokeo mwaka 2004. Jarida likaifuta makala Februari 2010, na Mei mwaka huo huo akafutwa kwenye daftari la madaktari. Miaka 12. Na bado akina mama wa hapa hapa ukiwaambia chanjo ya surua kuna atakayekujibu kwa maneno ya Wakefield, jina lake hajawahi kulisikia.

Kwa hivyo? Nilirudi kwa mwalimu nikamuuliza, isnadi ikiwa nzima na habari ni mbovu, mnafanyaje? Akasema hata hadithi, isnadi peke yake haitoshi, matini nayo hutazamwa, je inapingana na yaliyopokewa na wengi walio madhubuti zaidi? Iliyo peke yake dhidi ya wengi ina jina lake, hailetwi kama hoja.

Nikafikiria wale watu 60 na wale 577. Nikafikiria watoto 12.

Sijui kama mwalimu angependa mimi kuichukua elimu yake na kuipeleka kwenye mdalasini. Hakunikataza. Ila aliniambia, nikiwa navaa viatu, "Mwambie na rafikiyo."

## Ikarudi

Niliandika masahihisho kwenye grupu. "Ndugu zangu, ile posti yangu ya mdalasini ilikuwa na makosa, tafadhali msiache dawa." Nikaeleza, kwa urefu, kwa "huenda". Nikapata vidole gumba viwili, kimoja cha mke wangu.

Siku nne baadaye binamu yangu wa Malindi, ambaye yumo humo humo kwenye grupu, akanitumia kitu faragha. "Umeiona hii? Nzuri sana, mpelekee khalati." Ina vile vimishale viwili vya kwamba imetumwa mara nyingi. Nikaanza kusoma, nikaona maneno nayajua. Ni yangu. Nilikuwa nimekosea kuandika kongosho, niliandika "kongonsho", na kongonsho lipo pale pale linanitazama. Jina langu halipo. Juu wameongeza "Daktari bingwa wa India asema", na chini kuna namba ya simu ya mtu anayeuza unga wa mdalasini kwa robo kilo.

Mnyororo mzima umekatika na mimi ndiye niliyeshika ncha.

Nikampigia binamu. Nikamwambia hii niliandika mimi. Akasema, "Acha utani, hii ya India."

Siku hizi nikisoma kitu cha afya nataka kufika mwanzo wake kabla sijakitia mdomoni, na mara nyingi nachoka njiani, viungo vimekufa, utafiti wa kulipia, Kizungu kigumu. Nikichoka situmi. Grupu limepooza kidogo, shangazi mmoja aliuliza kama nina hasira nao.

## Kliniki tena

Juzi ilikuwa siku yake ya kurudi. Punda amekataa tena. Ila hakusimama njiani, chupa ya maji niliibeba mimi ikafika imejaa. Vidonge alikwisha kuvirudia siku ile ile, na mdalasini anautia kwenye chai kama alivyokuwa akiutia tangu nazaliwa, kwa sababu ya harufu.

9.4. Sista akasema si mbaya, bado, lakini si mbaya, akamwandikia tarehe nyingine. Khalati akatoka nje kutafuta kiatu chake, mimi nikabaki nyuma kama mtoto anayetaka kumwambia mwalimu kitu.

"Sista, siku ile ulimuuliza nani kamwambia aache dawa. Ni mimi. Niliandika posti."

Hakushtuka. "Nilijua," akasema. "Mwenzio alikuwa anaangalia mtandio, wewe sakafu." Akanyoosha mkono. "Iko hapo? Nionyeshe."

Nikamtafutia, ile ya mwanzo yenye jina langu. Akaisoma yote, taratibu, watu wanasubiri nje kwenye benchi na wengine wanachungulia. Akapandisha juu akasoma tena kipande.

"Umetafsiri vizuri," akasema, akanirudishia simu, akaita anayefuata.